Gari la jeshi kwenye huduma za mkoba: kisa cha kituo kimoja cha afya ukingoni mwa Kitulo

Kuhusu kisa hiki

Nimeondoa jina la kituo, la kijiji, la taasisi inayokimiliki na la kila mtu aliyehusika. Miaka nayo sitaitaja. Hata aina ya gari lenyewe sitaitaja, kwa sababu magari ya namna ile hapa nchini yanahesabika kwa vidole. Ukilitaja gari umekitaja kituo. Itoshe kusema ni gari dogo la mizigo na abiria la jeshi la nchi moja ya Ulaya, lililotengenezwa miaka ya 1970. Magurudumu yote manne yanavuta, injini ni ya petroli inayopozwa kwa upepo badala ya maji, umeme ni wa volti 24, na usukani uko kushoto.

Mimi niliingia humo kama mshauri wa magari. Nimefundisha ufundi Mbeya kwa miaka mingi, na ripoti iliyokishawishi kituo kulipokea gari hilo ina sahihi yangu. Naandika ili wenzangu wanaosimamia magari ya zahanati, ya vyama vya ushirika na ya mashamba huku Nyanda za Juu Kusini wawe na cha kupimia kabla hawajasema ndiyo.

Mahali na shida

Kituo kiko ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, mita 2,400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa zile kona 57 anaijua milima ninayoisema. Watu wanalima viazi mviringo, ngano na pareto, na asubuhi za Juni na Julai unakuta sakitu imelala juu ya majani. Mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, mara nyingine Mei. Udongo ukilowa unateleza kama mlenda, na barabara nyingi za vijijini zimechongwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo kuteleza kwenyewe kuna upande mmoja mbaya sana.

Kituo kina vijiji vinne vya huduma za mkoba, yaani zile wauguzi wanazozipeleka vijijini: chanjo, kliniki ya wajawazito, kupima uzito watoto. Kijiji cha mbali kiko kilomita 31. Kiangazi ni mwendo wa saa moja na nusu. Masika ni majaliwa.

Gari walilokuwa nalo ni Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ambayo kila fundi kuanzia Tunduma mpaka Iringa anaifungua akiwa amefumba macho. Ila hili lilikuwa limechoka. Propela ya mbele ilikuwa imefunguliwa miaka miwili nyuma ikawekwa stoo, kwa hiyo fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, haikuwepo kabisa. Tairi zilikuwa zimebaki laini kama goti. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Machi ya mwaka uliotangulia uamuzi ninaousimulia, gari hilo lilizama usiku kilomita 9 kutoka kituoni likiwa na mama mwenye uchungu. Alijifungulia humo ndani. Mtoto hakupona. Kila neno lililosemwa kwenye vikao vilivyofuata lilisemwa na watu waliokuwa na usiku ule kichwani.

Ofa na kikao

Marafiki wa kituo walioko Ulaya walileta ofa mbili. Ya kwanza: kununua gari kwenye mauzo ya vifaa vya jeshi vilivyostaafishwa, na kulilipia meli mpaka Dar es Salaam. Ya pili: fedha taslimu, pungufu ya gharama hiyo, kwa ajili ya kulitengeneza gari lililopo. Kituo kichague.

Tulikaa watu saba. Mganga mfawidhi alitaka gari la jeshi, na hakuficha sababu. Mhasibu aliuliza, "Spea tutazitoa wapi?" Nilijibu kwamba gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya vita, halina mambo mengi ya kuharibika. Jibu hilo limo kwenye muhtasari wa kikao, neno kwa neno.

Kisha nikaeleza uzuri wake wa kiufundi, na nilieleza kwa mapenzi kwa sababu ni uzuri wa kweli. Kwenye gari la kawaida, difu, kile kikasha cha gia katikati ya ekseli, inaning'inia usawa wa katikati ya gurudumu, na ndiyo inayogonga jiwe kwanza. Kwenye gari lile shafti inaingia juu ya katikati ya gurudumu, halafu seti ya gia ndani ya kikombe cha gurudumu inaushusha mzunguko mpaka chini. Kwa hiyo difu imepanda juu. Kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa ni sentimita 33 na kitu; Land Cruiser yetu ilikuwa na kama 22 chini ya difu. Juu ya hapo, difu ya mbele na ya nyuma zote zina loki zinazoingia gari likiwa linatembea. Loki ikiingia, gurudumu linaloteleza haliwezi kumnyima mwenzake nguvu. "Kila kikombe kina gia zake na oili yake," nilisema, nikiitaja hiyo kama sifa.

Dereva alikaa kimya mpaka mwisho. Ni mtu wa makamo, ameendesha barabara zile tangu ujana. Aliuliza swali moja: "Mwalimu, kitabu chake kipo kwa Kiswahili?"

Watu wakacheka. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile, na sikulijibu.

Kikao kikachukua ofa ya kwanza. Kilipofika kwenye gharama za bandari, usajili na ushuru wa uchakavu unaotozwa magari ya umri ule, fedha hazikutosha, na mtu mmoja akapendekeza Land Cruiser iuzwe. Uamuzi huo ulichukua dakika kumi. Hakuna aliyeupinga, nami nikiwemo.

Kutoka Dar mpaka mlimani

Gari lilikuja na rangi ya kijani ya jeshi. Tulilipaka jeupe Dar es Salaam kabla halijapiga hata kilomita kumi. Rangi ya jeshi kwenye gari la raia ni kujitafutia maswali kila kizuizi, na aliyekuwepo Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, lilipowapa raia siku 7 wasalimishe mavazi ya jeshi anajua jambo hili halina mzaha.

Safari ilichukua siku mbili kwa mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Usukani wa kushoto ulionesha sura yake kwenye mlima Kitonga: nyuma ya lori, dereva haoni kitu mpaka mtu wa kulia amwambie njia nyeupe. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba gari halitoki bila mtu wa pili mbele.

Masika ya kwanza

Nilipanda kuliona likifanya kazi mwezi Februari. Kuna kona moja kabla ya kijiji cha tatu ambako kijito kinapita juu ya barabara. Mvua ilikuwa imekichimba kikawa mtaro wa kufika magotini, na ng'ambo yake kuna mpando wa udongo mwekundu uliong'aa kwa maji. Hapo ndipo mkonga ulikuwa unageuzia, watu wanashuka na kubeba vitu kichwani.

Dereva alisimama, akaingiza gia ya lo, akagusa vijiwiko viwili vya loki za difu karibu na goti lake, kimoja baada ya kingine. Hakukanyaga mafuta kwa nguvu. Gari likashuka mtaroni kwa pembe, na gurudumu la mbele kulia likaondoka ardhini kabisa, likabaki linazunguka taratibu hewani huku maji yakidondoka. Kwa gari la kawaida hapo ndipo mwisho. Lile liliendelea tu kutambaa, magurudumu matatu yakivuta, mpaka la nne likapata mahali pa kukanyaga. Muuguzi aliyekaa nyuma alikuwa anaandika kadi za kliniki. Hakunyanyua kichwa.

Msimu ule safari 46 za mkoba zilipangwa na 45 zilifika. Mwezi Aprili, saa nane usiku, kwenye mvua, lilimpeleka mama aliyekwama uchungu mpaka hospitali ya wilaya. Mama na mtoto wako hai, na mtoto sasa anasoma chekechea. Sitaki uchambuzi wangu umfanye mtu adhani tukio hilo ni dogo.

Mengine yalijitokeza polepole. Juu kule hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kabureta zilizopimwa kwa hewa ya chini zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zilitoka nyeusi kama chungu cha jikoni. Daftari la safari lilionesha lita 24 kwa kilomita 100. Fundi mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, alizifungua kabureta, akaziba tundu za jeti kwa risasi ya kulehemia na kuzitoboa upya ndogo zaidi, matumizi yakashuka mpaka lita 20. Mkonga wa zamani, pamoja na uchovu wake, ulikuwa unatumia 14 za dizeli. Upande wa pili, petroli ilipatikana kila kijiji kwa sababu ya bodaboda, inauzwa kwenye chupa, ilhali dizeli ilibidi ifuatwe mbali. Lakini petroli ya chupa ina bei yake, na mara mbili tuliikuta na maji.

Umeme wa volti 24, nilioutilia shaka kuliko vyote, haukusumbua hata kidogo. Malori yanayopita Mbeya kwenda Zambia yana volti hizo hizo. Betri, balbu na fyuzi ziko kila duka la spea za malori kuanzia Uyole mpaka Mbalizi.

Kisanduku cha chanjo

Jambo hili ni dogo kwa ukubwa lakini linastahili kichwa chake.

Injini ya gari lile iko katikati ya viti vya mbele, chini ya kifuniko cha bati. Kwenye baridi ya Kitulo kila mtu alilipenda joto lake. Nyuma kuna mabenchi mawili ya pembeni, na mtikisiko wa pembeni ni mwingi, kwa hiyo muuguzi alipoona kisanduku cha chanjo kinarukaruka nyuma alikihamishia mbele, akakiegemeza kwenye kifuniko ambako palitulia.

Kichupa cha chanjo kina alama ya joto: mraba mweupe ndani ya duara la zambarau. Mraba ukibaki mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Rangi zikilingana, chanjo inatupwa. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ile ya polio ya matone ndiyo huharibika upesi zaidi kwa joto. Siku ya tatu ya utaratibu huo mpya, muuguzi alifungua kisanduku kijijini akakuta barafu imekuwa maji ya vuguvugu na mraba kwenye vichupa 11 umeshika rangi ya duara. Hakumchanja mtoto yeyote kwa vichupa vile. Aliwaambia akina mama ukweli, akawaomba radhi, akawapa tarehe nyingine.

Dada huyo alifanya kazi yake sawasawa. Gari lilifanya kazi yake sawasawa pia, kwa sababu lilichorwa kubeba askari na risasi. Sisi ndio tuliolipatia kazi nyingine bila kulitazama ndani.

Kikombe cha nyuma kushoto

Ilikuwa Septemba, barabara kavu, mchana. Gari lilikuwa linashuka kutoka kijiji cha nne na watu sita. Kwa kuwa ni kiangazi, dereva alikuwa anatumia uvutaji wa nyuma peke yake, kama inavyotakiwa kwenye ardhi ngumu. Kwenye mteremko alishika gia ya pili injini imsaidie kuzuia. Akasikia mlio wa chuma nyuma, kama mtu anayesaga mawe, halafu mshindo mmoja, na gari likawa jepesi. Injini haikuzuia tena. Akakanyaga breki, zilishika mbele, nyuma zikashika nusu.

Hakupoteza sekunde. Aliligeuza gari upande wa mlima, akaliburuza kwenye kingo ya udongo mpaka likasimama. Muuguzi aliyekuwa benchi la nyuma, lisilo na mkanda, alirushwa mbele akavunjika kifundo cha mkono. Wengine walipata michubuko. Upande wa pili wa barabara ile ni bonde.

Tulipofungua gurudumu la nyuma kushoto, hadithi yote ilikuwa humo. Sili ya oili ya kikombe, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie, ilikuwa imechakaa. Wakati wa masika maji ya kijito yaliingia, na oili iliyobaki ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nyingine ilivujia kwenye dramu ikaziloweka breki shu. Gia zilikauka, zikaungua, zikang'oka meno. Na difu isiyofungwa loki ina tabia moja: gurudumu la upande mmoja likikatika, nguvu yote inakimbilia pale pasipo na mzigo, na ekseli nzima inakuwa haina kazi. Ndiyo maana injini iliacha kuzuia ghafla.

Oili ya vikombe haikuwa imeangaliwa tangu gari lifike. Dereva hakujua kwamba kila kikombe kina bolti yake ya kujazia. Kitabu cha matunzo kilikuja ndani ya gari, kizima, kisafi, kwa Kijerumani. Mimi nilijua kuhusu oili ile. Nilikuwa nimeitaja kwenye kikao mbele ya watu saba.

Miezi mitano

Gari lilivutwa mpaka Mbeya. Gia za kikombe hazikuwepo Tanzania. Ziliagizwa Ulaya, zikachukua miezi mitano pamoja na kuvuka forodha. Miezi hiyo ilimeza Novemba, Desemba na Januari, yaani nusu ya masika. Land Cruiser ilishauzwa. Mkoba ulifanyika kwa bodaboda na kwa miguu; vijiji viwili vya karibu havikukosa, vile viwili vya mbali vilipata safari tatu tu. Kwa bahati ya Mungu hapakutokea kifo tunachoweza kukiunganisha na kukosekana kwa gari, lakini watoto waliochelewa chanjo tunao kwenye rejista, mstari kwa mstari.

Wakati tunasubiri, nilimpelekea mzee mmoja fundi wa Mwanjelwa ile sili iliyochakaa, nikimwomba ushauri wa kuagiza nyingine. Aliifuta kwa kitambaa, akaisogeza dirishani, akaikagua ukingo wake kwa kidole gumba.

"Mwanangu, sili haina kabila. Soma namba."

Zilikuwepo, zimefifia: tundu la ndani, duara la nje, unene, kwa milimita. Akapima kwa venia kuhakikisha, akamtuma kijana duka la beringi mtaa wa pili. Kijana alirudi na sili nne mpya kabla chai haijapoa. Zote nne hazikufika shilingi elfu arobaini. Kilichoharibu gari, kikamvunja mtu mkono na kutuchukulia miezi mitano, kilikuwa kinauzwa mwendo wa dakika tano kutoka pale nilipokuwa nafundishia.

Maamuzi ya baadaye na hali ilivyo

Kikao cha pili kilikuwa na mawazo matatu. Mganga mfawidhi alitaka gari libaki. Mhasibu alitaka liuzwe. Mwenyekiti wa kijiji alitaka lipelekwe kuvuta miti mashambani likaingize fedha, wazo lililokufa haraka.

Tulichoamua ni hiki. Gari linabaki, lakini kwa kazi moja: masika, vijiji viwili vya mbali, na dharura za usiku. Kituo kilichangisha, marafiki wakaongeza, ikanunuliwa pikapu ya dizeli iliyotumika, ya aina ambayo spea zake ziko kila mji wa mkoa, kwa ajili ya mengine yote. Mikanda ilifungwa kwenye mabenchi kwa bolti zinazopenya mpaka kwenye bati la kuimarisha chini. Kisanduku cha chanjo kilitengenezewa fremu ya chuma nyuma kabisa, mbali na injini. Seti moja ya gia za kikombe na sili nane ziko stoo kwenye boksi lililoandikwa, na mhasibu ndiye anayetunza ufunguo.

Tangu hapo gari limemaliza masika mawili. Limekosa safari mbili, zote kwa sababu ya daraja lililobomoka.

Uchambuzi

Nianze na kosa la kulinganisha, kwa sababu yote mengine yalizaliwa humo. Tuliliweka gari la jeshi lililo zima mbele ya Land Cruiser iliyo mgonjwa, tukasema la jeshi ni bora. Land Cruiser yenye propela ya mbele, tairi mpya za matope na winchi ingefika vijiji vitatu kati ya vinne katika wiki nyingi za masika. Nina hakika na hilo, nimezipita njia zile na magari ya namna hiyo. Ofa ya pili, ile ya fedha, ingetosha kwa hayo yote. Kwenye ripoti yangu hali ya Land Cruiser imeelezwa kwa mistari miwili, na gari la jeshi kwa kurasa tatu.

Kijiji cha nne ni suala jingine. Pale loki za difu na sentimita 11 za ziada chini ya gari ndizo zinazoamua, na hakuna gari la kawaida nililoliona likipita palepale Februari. Faida ya gari la jeshi ni ya kweli, ila ni nyembamba: iko mahali pachache, siku chache za mwaka. Swali la kujiuliza ni je, hizo siku chache zina uzito gani kwako? Kwa mkulima wa viazi, kusubiri siku mbili njia ikauke ni hasara ndogo. Kwa mama mwenye uchungu ni jambo tofauti kabisa, na ndiyo maana sikuunga mkono kuliuza.

Sasa kuhusu uimara, neno lililotupotosha. Watu huona gari la jeshi wakadhani limetengenezwa lisiharibike. Jeshi linajua litaharibika. Linachonunua ni gari pamoja na maboksi ya spea, kitabu, ratiba, dereva aliyefundishwa kukagua kila asubuhi, na karakana nyuma yake yenye watu wasiofanya kingine. Baada ya kuvuka maji, ratiba ya gari lenye gia za vikombe inadai oili ya kila kikombe ikaguliwe. Kwa kikosi hiyo ni kazi ya askari mmoja kwa robo saa. Gari linapouzwa kwa raia, askari huyo habaki nalo. Sisi tulipokea chuma peke yake.

Hii haihusu gari letu tu. Unimog, Pinzgauer, Volvo C303 na UAZ-469 ya kijeshi zote zina gia za kwenye vikombe, zote zinasifiwa kwa kupita pasipopitika, na zote zinadai oili hizo nne au zaidi ziangaliwe. Mwenye moja ya hizo aanze hapo leo hii, kabla ya kuangalia kitu kingine.

Jeep ya vita vya pili vya dunia ilifanikiwa kwa sababu nyingine: kati ya 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford vilitoa zaidi ya 600,000 zinazofanana, kwa hiyo hata iliyokufa ilikuwa spea ya nyingine. Land Rover, iliyozinduliwa 1948 ikiifuata Jeep hiyo kimawazo, na bodi yake ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, iliishi huku kwetu kwa sababu hiyo hiyo ya wingi. Kwa anayetaka gari lililotoka jeshini, ningemtazamisha kwanza Land Rover 110 za jeshi la Uingereza zenye injini ya 300Tdi: lita 2.5, dizeli, turbo inayosaidia milimani, pampu isiyo na kompyuta, injini ile ile ya gari la raia. Utengenezaji wa Defender za zamani ulikoma Januari 2016, lakini fundi wake bado yuko kila mji. Zilizofungiwa redio za jeshi zina volti 24, nyingine 12; ulizia kabla hujalipa, kwa sababu altaneta na stata haziingiliani.

Ukubwa nao si sifa. Humvee ina upana wa mita 2.16. Kwenye barabara ya ubavuni mwa mlima inayopishanisha pikapu na punda kwa taabu, upana huo ni hatari hata kama gari lina nguvu za kupanda ukuta. Na kuna M151, jeep ya Marekani ya miaka ya 1960, iliyojulikana kwa kupinduka kwenye kona kwa sababu ya namna magurudumu yake ya nyuma yalivyofungwa. Jeshi lenyewe liliyakata vipande mengi yasifike kwa raia. Kwamba kitu kilipita mikononi mwa jeshi hakumaanishi ni salama kwa familia yako.

Mabenchi ya pembeni bila mikanda tuliyaona sote siku gari lilipofika. Tuliona nafasi ya watu kumi, hatukuona watu kumi watakavyorushwa. Muuguzi aliyevunjika mkono alikuwa kazini, kwenye gari nililolipitisha, na kifundo chake hakijanyooka vizuri mpaka leo. Ningeweza kudai mikanda kabla ya safari ya kwanza. Fundi wa kulehemu angemaliza kwa siku moja.

Kuhusu namna tulivyoamua: uchungu wa usiku wa Machi ulikuwa na haki ya kuwepo mezani, lakini ulizima maswali. Mhasibu na dereva waliuliza maswali mawili yaliyohusu maisha ya gari baada ya sherehe ya kulipokea, na la mhasibu nililijibu haraka, la dereva sikulijibu kabisa. Kuuza Land Cruiser ndani ya dakika kumi ndiko kulikogeuza hitilafu ya sili kuwa miezi mitano. Kama lingebaki, hata bila fowili, vijiji vya mbali vingepata safari zote za Novemba kabla mvua haijashika.

Kitabu cha Kijerumani tulikitafutia mtu. Mzee mstaafu wa hapo wilayani, aliyewahi kusoma Ujerumani, alikaa na dereva jioni kadhaa wakatafsiri kurasa 14 zinazohusu ukaguzi wa kila siku na wa kila wiki, mzee akisoma, dereva akimwambia neno ambalo mafundi wa huku wanalitumia. Ukurasa wa nne ndio wa vikombe. Dereva ameubandika ndani ya mlango wa kushoto, chini ya nailoni, pale mkono wake unapogusa kila anapofunga.